Namna ya Kupata Vitabu Vipya vya Kitaaluma Kuhusu Kwetu Ukiwa Kisumu

Kitabu cha kitaaluma kuhusu Nyanza au Magharibi kikitoka, mara nyingi mwanafunzi wa Marekani hukisoma kabla ya mzee wa Nyakach aliyehojiwa ndani yake. Jambo hilo huniuma, na ndilo lililonifanya nitenge rafu mbili za vitabu vya vyuo vikuu katika duka langu hapa Kisumu, pembeni mwa vitabu vya shule ambavyo ndivyo vinavyolipa kodi. Wanaozizunguka rafu hizo ni walimu, wanafunzi wa uzamili kutoka Maseno na Kakamega, mawakili, wachungaji, na wazee waliostaafu wanaotaka kujua nini kimeandikwa kuhusu ukoo wao, ziwa lao na ardhi yao. Swali lao ni lile lile: "Mama, kitabu nimekiona mtandaoni, lakini bei yake ni karo ya mtoto. Nitakipataje?" Hapa nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza elewa kitabu cha aina hii hutoka vipi, maana ukielewa hilo hutakimbilia kununua. Mchapishaji wa chuo kikuu haupokei mswada leo akauchapisha kesho. Huupeleka kwa wasomi wengine wa fani hiyo, aghalabu wawili, wausome na kuukosoa. Mwandishi anaurekebisha, kisha bodi ya wahariri inaamua. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, kwa hiyo kitabu kinachoitwa kipya kinaweza kubeba mahojiano ya miaka mingi iliyopita. Soma dibaji uone utafiti ulifanywa lini. Mtu anayetaka kujua hali ya wavuvi wa Dunga au Usenge ilivyo sasa asiridhike na mwaka ulioandikwa kwenye jalada.

Wachapishaji wengi wa Marekani na Uingereza hutangaza vitabu miezi kadhaa kabla havijatoka, katika katalogi za msimu. Katalogi hizo ni bure, nawe unaweza kujiandikisha zikufikie kwa barua pepe. Kwa historia na siasa za Afrika Mashariki, mimi hufuatilia Ohio University Press, hasa mfululizo wake wa New African Histories; James Currey, ambayo tangu 2008 iko chini ya Boydell & Brewer; na Cambridge. Huku nyumbani kuna University of Nairobi Press, na Moi University Press pale Eldoret. Kwa lugha na fasihi ya Kiswahili usiache kuwaangalia TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao wengi wetu tuliwajua kwa jina la TUKI. Wa huku kwetu hawatangazi kwa kelele. Kwao ni kupiga simu na kuuliza: "Kuna nini kipya?" Utajibiwa, tena kwa upole, kwa sababu ni wachache wanaouliza.

Kitabu kimoja, bei tatu

Hapa ndipo watu wanapoumizwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Toleo la kwanza la kitabu cha kitaaluma kutoka Uingereza mara nyingi huwa la jalada gumu, na bei yake inawalenga wakutubi wa vyuo vikuu tajiri. Pauni 70, 80, hata 90. Ukizigeuza kuwa shilingi unapita elfu kumi kabla hujagusa usafiri. Mwaka mmoja au miwili baadaye, kitabu kile kile, kurasa zile zile, hutoka kwa jalada jepesi kwa theluthi moja au robo ya bei hiyo. Si vyote, lakini ni vingi. Kwa hiyo ukiona bei ya kutisha, usikate tamaa wala usilipe. Muulize mchapishaji kwa barua pepe: jalada jepesi litatoka lini?

Swali la pili ndilo muhimu zaidi, na karibu hakuna mteja anayekuja akiwa ameshaliuliza: je, kuna toleo la Afrika Mashariki? Kuna desturi ya siku nyingi ya wachapishaji wa ng'ambo kushirikiana na wa kwetu, kitabu kimoja kikatoka katika miji kadhaa kwa pamoja. Mfano wake mzuri ni kitabu cha Cohen na Atieno Odhiambo kuhusu Siaya, cha 1989. Kilitoka London kwa James Currey, Nairobi kwa Heinemann Kenya, ambayo baadaye ikawa East African Educational Publishers, na Marekani kwa Ohio University Press. Fountain ya Kampala na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam nao wamekuwa washirika katika vitabu vya namna hiyo. Toleo la kwetu huwa na karatasi ya kawaida zaidi na jalada jepesi, lakini maneno hayapungui hata moja, na bei imepangwa kwa mfuko wa mwalimu. Tatizo ni kwamba duka la mtandaoni la ng'ambo halitakuonyesha toleo hilo. Ni lazima ulitafute Nairobi, Kampala au Dar.

Kuna na safari ya kinyume. Kitabu kilichochapishwa Nairobi au Eldoret unaweza kukikuta kwa African Books Collective ya Oxford, shirika lililoanzishwa 1985 ili vitabu vya wachapishaji wa Kiafrika vipate soko nje ya bara. Ni shirika la heshima na limetufaa sana. Ila wewe uliyeko Kondele huna sababu ya kukinunua kitabu cha Eldoret kupitia Oxford. Agiza Eldoret, kije na basi.

Kuhusu kodi: vitabu vinavyoingia nchini havitozwi ushuru wa forodha, lakini Sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea asilimia 16. Kwa hiyo mtu akikutajia bei, muulize kama VAT imo au bado. Tofauti yake kwenye kitabu cha elfu tatu inatosha nauli ya kwenda Busia.

Ukurasa ambao watu huuruka

Kitabu kikifika mkononi, au ukionyeshwa picha za kurasa zake, usianze na sura ya kwanza. Nenda nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye ukurasa wa hakimiliki. Una herufi ndogo na hauvutii, lakini mwenye duka akikudanganya, huo ukurasa hautakudanganya.

Tazama ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Tangu 2007 ina tarakimu 13, na za mwanzo aghalabu ni 978. Zinazofuata ndizo zinazokwambia kitabu kilisajiliwa wapi. Ukiona 9966, au 9914 kwa vile vya karibuni, ni Kenya, ambako namba hizi hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. 9976 na 9987 ni Tanzania. 9970 ni Uganda. Ikianza na 0 au 1, kimesajiliwa katika nchi za Kiingereza kama Uingereza na Marekani. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na ISBN tatu au nne: ya jalada gumu, ya jalada jepesi, ya kitabu cha kielektroniki, na ukibahatika, ya toleo la Afrika. Andika ile unayoitaka. Ukiagiza kwa jina la kitabu peke yake, msambazaji atakuletea kilicho karibu naye, na kilicho karibu naye huwa ndicho cha bei ya juu.

Chini zaidi kwenye baadhi ya vitabu kuna mstari wa tarakimu, kuanzia 10 kushuka hadi 1 au zimechanganywa. Tarakimu ndogo kuliko zote inayobaki ndiyo chapa uliyoishika. Kama 1 ipo, ni chapa ya kwanza. Kama ndogo kuliko zote ni 4, kitabu kimechapishwa mara nne, na makosa madogo ya chapa ya kwanza huenda yamesahihishwa. Usichanganye chapa na toleo, lakini. Toleo la pili lina maneno mapya. Chapa ya pili ni maneno yale yale yaliyopigwa tena. Nimewahi kuletewa na mwanafunzi kitabu alichouziwa kama toleo jipya, tukafungua ukurasa huu pamoja kaunta, tukakuta ni cha zamani chenye jalada jipya. Alirudi kudai pesa zake akiwa na ushahidi.

Kipime kwa mambo unayoyajua

Watu wetu wengi hukiheshimu kitabu kwa sababu kina nembo ya chuo kikuu. Mimi nasema kipime. Wewe unayeishi hapa una mizani ambayo hata wale wasomi wawili wa ng'ambo waliosoma mswada wanaweza kuikosa.

Anza na faharasa mwishoni. Tafuta jina la mahali unapopajua vizuri. Mtu wa Bungoma atafute Chetambe, mahali pa vita vya 1895 kati ya Wabukusu na Waingereza. Mtu wa Kakamega atafute dhahabu. Kitabu kinachodai kueleza ardhi ya Kakamega kikaruka mbio za dhahabu za mwanzoni mwa miaka ya 1930 kina pengo, kwa sababu ni dhahabu hiyo iliyofanya serikali ya kikoloni ibadili sheria ya ardhi za wenyeji mwaka 1932. Mtu wa Njoro au Molo aangalie kama maskwota, yaani Waafrika walioishi na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wamepewa kurasa nzima au wametajwa wakipitiwa. Kisha fungua kurasa hizo, usome aya mbili tatu. Je, mandhari ni ya kwako? Majina yameandikwa sawasawa? Mwandishi anayekosea jina la mto unaovuka kila siku huenda amekosea na mengine usiyoweza kuyakagua.

Halafu bibliografia. Kwa historia ya Waluo, kitabu kikubwa cha Bethwell Ogot kilitoka 1967. Kwa Abaluyia, Gideon Were alitoa chake mwaka huo huo wa 1967, na John Osogo alikuwa ametoa chake 1966. Kitabu kipya kinaweza kuwapinga wazee hawa, na ni haki yake. Lakini kikiwapita kama hawakuwahi kuandika, mimi hukirudisha rafuni. Hesabu pia, hata kwa macho tu, ni waandishi wangapi wa Kenya waliotajwa ambao walichapisha Nairobi, Eldoret au Maseno. Kitabu kuhusu Kenya ambacho bibliografia yake yote ni ya London na New York kimewasikiliza watu wa upande mmoja.

Tanbihi zinataka jicho la karibu. Katika vitabu vya historia utaona alama kama KNA, PC/NZA au DC/NN. Zisikutishe. KNA ni Nyaraka za Taifa pale Nairobi. PC/NZA ni faili za Mkuu wa Mkoa wa Nyanza, na DC/NN ni za wilaya ya North Nyanza, yaani Magharibi ya leo kwa sehemu kubwa. Ukiziona nyingi, mwandishi alikaa na faili. Sasa kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui. Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu hii yetu, Desemba 1901, eneo hili halikuwa sehemu ya ile iliyokuja kuitwa Kenya. Lilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, ulioenea hadi Nakuru na Naivasha, na ulihamishwa mwaka 1902. Kwa hiyo msomi anayeandika kuhusu Kisumu au Mumias kabla ya mwaka huo anapaswa kuwa amepekua nyaraka za Uganda na za London, si za Nairobi tu. Akiwa anaandika kuhusu dini, tazama kama amegusa nyaraka za wamisionari wenyewe: Waquaker waliofika Kaimosi 1902, au wale wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, waliofungua shule ya Maseno 1906.

Mwisho wa upimaji, tazama mahojiano. Yameorodheshwa kwa mahali na tarehe? Wanawake wamo? Mwandishi ameeleza alihoji kwa lugha gani na nani alimtafsiria? Kitabu kinachotaja kwa shukrani vijana waliomtembeza mwandishi kutoka boma hadi boma huwa kimeandikwa na mtu aliyejua kazi ile ilifanywa na wengi. Mimi kurasa za shukrani huzisoma zote, neno kwa neno, na wateja wangu wawili watatu wamewakuta humo baba zao.

Kabla ya kulipa, soma cha bure

Vitabu vingi vya vyuo vikuu siku hizi huwekwa wazi kihalali. Tafuta kwanza katika tovuti za DOAB na OAPEN, ambako vimekusanywa vya wachapishaji wengi. University of California Press ina mpango wake wa Luminos tangu 2015, na UCL Press ya London huviweka vyake vyote. Barani kwetu, HSRC Press ya Afrika Kusini na CODESRIA ya Dakar wana vingi vya kupakua. JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, nayo hukuruhusu kusoma makala hadi 100 kwa mwezi ukifungua akaunti ya bure, na humo ndimo utapata mapitio ya kitabu unachokitamani, yaliyoandikwa na msomi asiye na haja ya kukuuzia.

Tena vitabu vingi vya kwanza vya wasomi vilianza kama tasnifu za uzamivu. Tafuta jina la mwandishi kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo alikosoma. Kitabu huwa kimeandikwa upya, lakini data iko mle. Na ukimwandikia mwandishi mwenyewe, ukajitambulisha kuwa wewe ni mwalimu wa Vihiga na unafundisha mambo aliyoyaandika, wengi hujibu. Wengine hutuma sura moja, wengine nakala nzima. Huo si uombaji. Alikuja kwetu akakaribishwa chai.

Kupiga fotokopi kitabu kizima sikushauri, hata kama kibanda kilichoko langoni mwa chuo kinakupigia kwa bei ya kutupa. Mchapishaji wa chuo kikuu wa hapa nyumbani huchapisha nakala chache sana, na fotokopi ishirini zinatosha kumfanya asirudie chapa. Kitabu kikiisha hapo, kimeisha.

Chama cha vitabu

Njia inayofanya kazi vizuri zaidi kwa mji kama wetu ni chama. Walimu wanane, kila mmoja anatoa shilingi mia tano kwa mwezi, na kila mwezi kinaingia kitabu kimoja au pesa zinasubiri kile kikubwa. Kitabu kinakaa kwa mtu wiki mbili. Wekeni kanuni mapema: hakuna kupiga mstari kwa kalamu ya wino, anayepoteza ananunua kingine, na mwanachama anayehama mji anaacha vitabu. Baada ya mzunguko, pelekeni kitabu kwenye maktaba. Zungumzeni kwanza na mkutubi, iwe tawi la Maktaba ya Taifa au shule, mjue kama atakisajili na kukiweka mahali pa kusomea. Vitabu vya hadithi huazimwa vyenyewe. Cha kitaaluma kinahitaji mtu wa kukitaja, kwa hiyo mmoja wenu aende akakizungumzie kwa nusu saa mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne.

Chama pia kinakupa nguvu ya kuomba punguzo. Mchapishaji wa Nairobi au Eldoret hupunguza bei akiona agizo la nakala tano au kumi, na gharama ya parseli inagawanyika. Wakati mzuri wa kupatana ni maonyesho ya vitabu ya Nairobi, yanayofanyika kila mwaka Sarit Centre, Westlands, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba. Mtumeni mmoja wenu akiwa na orodha yenye ISBN. Siku ya mwisho alasiri, wachapishaji hawataki kubeba makatoni kurudi nayo, na bei husikiliza.

Kuagiza na kupokea

Ujumbe wa agizo uwe mfupi na kamili: jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ISBN ya toleo unalolitaka, idadi ya nakala, na mahali utakapopokelea. Omba bei moja ya jumla yenye VAT na usafiri. Usitume pesa kwa M-Pesa kabla hujaandikiwa kwamba kitabu kiko ghalani. "Kinakuja wiki hii" si jibu. Kama kinatoka ng'ambo, uliza ni nakala iliyopo au kitachapishwa kwa agizo. Hivi vya kuchapishwa kwa agizo ni halali kabisa, ila picha na ramani zake wakati mwingine hutoka nyeusi tii, na kitabu cha jiografia ya bonde la Nzoia bila ramani inayosomeka hakikufai.

Kikifika stejini kwa basi, kifungue hapo hapo kabla hujatia sahihi. Kipitishe chini ya kidole gumba, kurasa zote, ukiangalia namba. Kurasa huchapishwa kwa mafungu ya 16 au 32, kwa hiyo zikikosekana hukosekana kwa pamoja: utatoka 96 ukaingia 129. Au fungu moja limerudiwa mara mbili. Kifungue katikati, kikunje taratibu hadi kilale; gundi mbovu utaisikia ikipasuka. Ukiona kasoro, piga picha ukurasa huo, ukurasa wa hakimiliki na risiti, utume siku hiyo hiyo. Mchapishaji makini hubadilisha.

Nyumbani usikiweke ukutani upande wa ziwa. Unyevu wa Kisumu hukunja jalada jepesi na kuleta madoa ya kahawia ndani ya misimu miwili ya mvua. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya rafu na ukuta, simamisha vitabu bila kuvibana sana, na usivifunge kwenye nailoni.